Yuko Wapi Aliyevaa Miwani?

Limekuwa swali la mara kwa mara katika mabaraza ya watu wenye vijana nyumbani, na pengine hupelekwa hata kwa masheikh baada ya darsa, kama mtu aliyejifunika uso kwa miwani ya uhalisia pepe, akapigana humo na kupora humo na kumwaga damu isiyo damu, ana hesabu yoyote ya kutoa kwa aliyoyatenda, au yumo katika hukumu ya mtu aliyelala akaota. Wenye haraka wana majibu mawili yaliyo tayari. Wa kwanza husema kuwa mchezo ni mchezo, na hakuna kadhi aliyewahi kumhukumu mtu kwa kumfunga mfalme wa mwenziwe katika sataranji (ingawa wapo wanazuoni waliouchukia mchezo huo wenyewe). Wa pili husema kuwa moyo uliokwisha kuufurahia uovu umekwisha kuutenda. Mimi sina haraka ya kuungana na yeyote kati yao kabla ya kulitazama jambo moja ambalo wote wawili hulipita kana kwamba ni kazi ya fundi tu isiyomhusu mwenye kutafakari, nalo ni namna chombo hicho kinavyowekwa ndani ya nyumba. Kwani nadhani sehemu kubwa ya jawabu imetundikwa katika pembe za sebule, ambako kila anayeingia anaweza kuiona.

Nachukua mfano wa chombo kiitwacho HTC Vive, kilichotoka mwezi wa Aprili 2016, kazi ya ubia baina ya kampuni ya HTC ya Taiwan na kampuni ya Valve ya Marekani. Si kwa sababu ndicho cha kwanza, maana Ivan Sutherland alikwisha kuunda miwani ya jamii hii mwaka 1968, mizito hata ikabidi iangikwe darini, bali kwa sababu kiliwawezesha watu wa kawaida kusimama, kutembea na kuinama ndani ya njozi katika chumba kile kile wanamopokea wageni. Mwenye kukinunua hukuta ndani ya kasha, pamoja na miwani na vishikio viwili vya mkononi, visanduku viwili vyeusi vinavyoenea kiganjani. Hivi huambiwa avifunge katika pembe mbili za chumba zinazoelekeana kwa mshazari, juu ya kimo cha mtu, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni ikiwezekana, vimeinamishwa chini kati ya nyuzi 30 na 45, visitengane kwa zaidi ya mita 5, na kila kimoja kikabiliane na chenziwe pasipo kabati wala pazia katikati. Ukuta hutobolewa kwa keekee, skrubu zikakazwa; rafu inayotikisika kila mlango ukifungwa haifai, kwa kuwa kisanduku kikitikisika ulimwengu mzima wa miwani hutikisika nacho. Kisha chumba huhamishwa: meza ndogo hutoka, stuli hutoka, jagi la maji hutoka, na palipo na pangaboi lililoning'inia chini, mwenye mikono mirefu hana budi kulizima. Kinachotakiwa kibaki, kwa uchache, ni uwanja mtupu wa mita 2 kwa mita 1.5. Hatimaye mtu hukishika kishikio kimoja, akauzunguka uwanja ule kandokando akiuchora mpaka wake hewani, na vishikio vyote viwili akavilaza chini ili kompyuta ijue sakafu iko wapi.

Hayo yote hutendwa na mtu mwenye macho wazi, na mara nyingi huchukua jioni nzima. Wako watu waliokaa miaka ishirini katika sebule zao bila kujua upana wake, ambao siku ya kwanza waliyoupima ni siku waliyotaka kutoka ndani yake.

Visanduku vile vyenyewe havioni kitu, na lau tungetaka kuwa wasahihi tusingeviita vihisi hata kidogo. Kila kimoja ni mnara wa taa. Hutoa mwako mmoja unaojaa chumba kizima, kisha hukifagia chumba kwa mstari wa leza usioonekana kwa jicho, mara kwa mlalo na mara kwa wima, mota zake zikizunguka mara 60 kwa kila sekunde. Na vihisi vya kweli, ambavyo 32 vimo juu ya miwani na vingine vimo juu ya vishikio, huhesabu muda uliopita baina ya mwako ule na kupitiwa na mstari, na muda huo ukageuzwa kuwa pembe, na pembe zikikusanywa zikawa mahali. Nahodha aionaye taa ya rasi usiku hujua alipo kwa hesabu iliyo ndugu na hiyo, na taa yenyewe haina habari naye. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki Kairo yapata mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manazir kuwa jicho halitupi miale kuviendea vitu, kama walivyodai baadhi ya wakale, bali mwanga ndio unaolijia jicho. Na akaongeza jambo zito zaidi, kwamba mengi tudhaniayo tumeyaona kwa hakika tumeyahukumu, kwa hukumu iliyo nyepesi hata nafsi haitambui kuwa imehukumu. Miwani ya Oculus Rift, iliyotoka siku chache tu kabla ya Vive, ilikwenda kinyume: miwani ndiyo iliyotoa mwanga usioonekana, na kamera iliyosimamishwa mezani ikamtazama mvaaji. Nakiri kuwa moyo wangu uko kwa mnara. Sebule ni mahali ambapo watu wa nyumba hulegeza nguo na kusema wasiyoyasema barabarani, na kinachotoa mwanga kwa wote bila kumtazama yeyote kinastahili kukaa humo zaidi ya kinachotazama. Miwani iliyofuata, kama Oculus Quest ya mwaka 2019, imeondoa visanduku ukutani ikazitia kamera usoni pa mvaaji. Misumari imepungua na macho yamezidi, na sijui kama watu wa stara walishauriwa.

Chombo hiki kina adui mmoja, naye ni kioo. Mstari wa leza ukigonga kioo cha kabati au cha meza ya kujipambia, hurudi. Kihisi kikapokea mwanga wa kweli kutoka upande usio wa kweli, na mvaaji akajiona ameruka au ameelea, ilhali miguu yake haikuondoka. Dawa yake ni kukifunika kioo kwa shuka. Basi tazama jambo lilivyo: chombo kilichoundwa ili kimwonyeshe mtu yasiyokuwapo hakiwezi kustahimili hata sura moja ya uongo katika mambo yanayokihusu chenyewe.

Kwa sababu hiyo naona kuwa wale wanaoingia katika mjadala huu kwa mlango wa shaka wameingia mlango usio wake. Hawa hupenda kumtaja Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, aliyesimulia katika al-Munqidh min al-Dalal jinsi imani yake kwa milango ya fahamu ilivyobomoka: kivuli hukiona kimetulia kumbe kinatembea, na nyota huiona kwa kiasi cha dinari ilhali wajuzi wa hesabu za mbinguni wamethibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akaihamisha shaka yake kwa akili nayo, akajiuliza kama haiwezekani iwepo hali nyingine ambayo mbele yake kukesha kwetu ni kama usingizi mbele ya kukesha. Na maradhi hayo yakamshika karibu miezi miwili, hata akaponywa, kwa maneno yake, si kwa hoja bali kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mola wake. Descartes aliipita njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1641. Ni njia tukufu. Lakini ndoto aliyoihofu Ghazali ni ile ambayo mwotaji hakuiwekea mwanzo wala hajui nani kaiweka. Na huyu wa sebuleni ana vumbi la ukuta nyweleni mwake.

Aliye karibu nasi zaidi ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Katika kitabu chake cha nafsi, kilicho sehemu ya ash-Shifa, akieleza jinsi fikra inavyoweza kuutawala mwili, alitoa mfano wa ubao: mtu hutembea, naam hukimbia, juu ya ubao uliolazwa njiani, lakini ubao uo huo ukitandikwa kuwa daraja juu ya genge huuvuka kwa kutambaa na kwa shida, kwa kuwa sura ya kuanguka imemkaa nafsini na viungo vimeitii. Mfano huo ulikaa kitabuni kwa takriban miaka elfu. Siku hizi upo mchezo uliotengenezwa Australia, uitwao Richie's Plank Experience, ambamo mchezaji hupanda lifti hadi juu ya jengo refu, mlango ukafunguka, na mbele yake upo ubao uliochomoza nje, juu ya mji ulio chini sana. Wenye bidii hulaza ubao wa kweli juu ya zulia, wakaupima, na mchezo ukaulinganisha ubao wa njozi na huo wa sebuleni. Watu wazima wenye akili timamu, ambao dakika chache tu nyuma wameubeba ubao ule kwa mikono yao wenyewe kutoka uani, hutetemeka magoti, na wengine hukataa katakata kuweka mguu. Ibn Sina aliuhamisha ubao akamwacha mtu. Mchezo umeuacha ubao chini ukalihamisha genge. Na magoti hayakutofautisha.

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu. Mtu yule hakudanganyika. Muulize katikati ya kutetemeka kwake yuko wapi, atakujibu bila kusita kuwa yuko nyumbani kwao, na pengine atakuomba umshike mkono. Kilichotishika ni mwili, na fahamu za chini ambazo hazisomi. Akili yake haikusafiri. Nayo akili ndiyo inayokalifishwa. Wanazuoni wa fiqhi wameafikiana kuwa aliyelala haandikiwi dhambi mpaka aamke, na sababu yake si kuwa ndoto haina uzito, maana ndoto imewahi kubadili maisha ya watu, bali ni kuwa mwotaji hana uchaguzi: hakuchagua kuingia, hachagui atendalo, wala hajui kuwa anaota. Aliyevaa miwani hana udhuru hata mmoja katika hiyo mitatu. Wenye kuzichambua kazi za moyo wamepanga madaraja, tangu fikra inayopita kama ndege, ambayo hapana aulizwaye kwayo, hadi azma iliyofungwa, ambayo mtu huulizwa kwayo. Na sioni jinsi mtu aliyetoboa ukuta mara nne, akahamisha makochi na kukifunika kioo, atakavyosimama na kusema kuwa fikra ilimpitia.

Ila insafu inatudai tuulize: azma ya nini? Hapa ndugu yetu wa jawabu la pili amepita mpaka. Mtu yule aliazimia kucheza, wala hakuazimia kuua. Hapana aliyekufa, hapana mali iliyotoka mikononi mwa mwenyewe, na kumwita muuaji ni kumsingizia. Anaulizwa kwa alichokifanya hasa, yaani kwamba, akiwa macho na mwenye hiari, alijitengenezea mahali pa kujizoeza mambo fulani na akayarudia kwa mwili wake wote, si kwa kidole tu. Mambo hayo yanamlea vipi, hilo ni swali lenye jawabu tofauti kwa kila mtu na kila mchezo. Kuna anayejizoeza kupiga makasia, na kuna anayejizoeza kutohurumia. Ninalolikataa ni udhuru wa usingizi peke yake.

Linakuja sasa swali lililo gumu kuliko hilo, na lililo tamu pia. Mwezi wa Desemba 2021 mamlaka ya kusimamia Misikiti Miwili Mitukufu huko Saudia ilizindua mradi wa kumwezesha mtu kulikabili Jiwe Jeusi la Kaaba kwa miwani ya namna hii akiwa mbali; na mwaka uliofuata, mjadala ulipokwisha kuenea, idara kuu ya mambo ya dini ya Uturuki, Diyanet, ilitamka kuwa kuizuru Kaaba kwa njia hiyo kunawezekana, lakini hakuhesabiwi kuwa hija. Mtu mwenye kupenda hoja anaweza kuuliza kwa haki: ikiwa mvaaji anaulizwa kwa aliyoyachagua humo, kwa nini halipwi kwa aliyoyachagua humo? Mbona mlango wa dhambi uwe wazi, wa ibada ufungwe?

Jawabu langu ni kuwa miwani huweza kubeba nia, na haiwezi kubeba mahali. Hija ni katika ibada zilizofungamanishwa na mahali na wakati. Kusimama Arafa ni kusimama Arafa, na aliyesimama kwa unyenyekevu mkubwa zaidi nje ya mipaka yake kwa siku ile hakusimama. Na ukitaka kujua mvaaji yuko mahali gani, usimwulize sheikh wala mwanafalsafa. Kiulize chombo chenyewe. Katika kila sekunde picha za miwani ya Vive hufanywa upya mara 90, na kila mara ni sharti chombo kijue kichwa kiko wapi hasa, umbali gani kutoka ukuta upi, kimeinama kiasi gani. Kikikosea, jicho litasema tumekwenda na sikio la ndani, lililo mizani ya mwili, litasema hatukwenda, na mtu atashikwa na kichefuchefu kama cha baharini. Shahidi wa kwanza wa kuikana safari, basi, ni kile kile kilichoileta. Uwanja wake ni wa hatua chache, na upande mmoja tu wa Kaaba ni zaidi ya mita 10, kwa hiyo atakaye kuizunguka hana budi kurukaruka kwa kubonyeza kishikio, akaukamilisha mzunguko kwa kidole gumba. Na akiusogelea mno mpaka aliouchora, mistari ya buluu humjia mbele ya macho, katikati ya mahujaji, kumwarifu kuwa amelikaribia kabati la vyombo.

Sisemi haya kwa kebehi. Nikimfikiria bibi kizee ambaye magoti yamemkatalia safari, akavishwa miwani na wajukuu, akaiona Kaaba mbele yake akalia, siwezi kusema kuwa amelilia picha. Machozi ni yake, shauku ni yake, na nia aliyokaa nayo miaka arobaini anaijua Aliyemwumba. Ila hajahiji, naye mwenyewe anajua, na huenda ndiyo sababu analia.

Wanafalsafa wa magharibi nao wamelikaribia jambo hili kwa njia zao. Robert Nozick, katika kitabu cha mwaka 1974, aliuliza kama tungekubali kulazwa katika chombo cha kutupa kila raha tuitakayo, akaona kuwa wengi wetu tungekataa, kwa kuwa hatutaki kuonjeshwa matendo tu, twataka kuyatenda. Na David Chalmers, mwaka 2022, ametetea kuwa vitu vya ulimwengu wa miwani ni vitu vya kweli vya aina yake, na maisha humo yaweza kuwa maisha kamili. Wa kwanza simhitaji sana, maana mtu wake amelazwa kimya na wetu anatoka jasho. Wa pili simpingi katika vitu. Huenda upanga wa kompyuta ni kitu. Tofauti yetu ni kuwa yeye amevitazama sana vilivyomo ndani ya miwani, na mimi sijamaliza na waliobaki nje.

Kwani sebule haikuhama, na watu wake wamo. Wanafiqhi wa zamani walijadili kisa cha kuhuzunisha cha mtu aliyejigeuza usingizini akamlalia mtoto akafa, na wa madhehebu ya Hanafi wakakiwekea daraja yake, iliyo jirani na kosa lisilokusudiwa: dhambi ya kuua hana, lakini dia inalipwa. Hata tungemhurumia mvaaji miwani tukamwita aliyelala, tusingekuwa tumemwondolea dhamana ya kitoto kinachotambaa zuliani na ngumi inayorushwa juu yake. Wala hatumwiti hivyo. Mpaka aliouchora kwa kishikio humwonekania yeye peke yake, tena ndani ya miwani. Kwa mwingine yeyote chumba ni kile kile cha jana, na njia ya kwenda jikoni inapita pale pale. Aliyeuchora mpaka usioonekana na wengine ndiye anayedaiwa kuulinda: afunge mlango, au amweke mtu mzima wa kuangalia, au atandike mkeka ili miguu yake ijue ukomo wake na macho ya wengine yajue pia. Nimesikia vijana wakijitetea kuwa aingiaye angepiga hodi. Hodi ni adabu kubwa, na kuomba idhini kabla ya kuingia ni amri ya dini. Lakini ni ya anayeingia kwa watu. Mama aliyepita sebuleni kwake mwenyewe kuufuata ufunguo wa ghala, akapigwa kishikio cha bega, sioni ni hodi gani aliyokuwa akidaiwa.